Ndiyo Niliyoisema Nakaloke

Nilikubali kumrithi mjane wa kaka yangu siku ya Jumamosi, kama saa tano asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kiti kilichoazimwa kanisani. Viti vya matanga havikutosha, kwa hiyo vijana walivuka barabara ya Nakaloke wakaleta vile vya kanisa, vyenye jina la parokia lililoandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni. Niliegemea jina hilo, nikasema ndiyo.

Sikulazimishwa. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu kwa miaka mingi nilipowasimulia watu nilisema “wazee waliniamulia,” kana kwamba mimi nilikuwa mbuzi aliyefungwa kamba shingoni. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo huko Jinja, mume wa mke mmoja niliyemvisha pete kanisani, na tena nilikuwa msomaji. Msomaji kwetu ni yule anayeongoza ibada siku ambazo kasisi hayupo, na kasisi alifika kwetu mara moja tu kwa mwezi, kutupa Meza ya Bwana. Kanisa letu dogo la watu wa kiwandani lilisali kwa Kiswahili. Tulikuwa Wasoga, Wamasaaba, Wateso, Walango, na hakuna aliyetaka kuungama dhambi zake kwa lugha ya jirani. Kwa wengi wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Pale kanisani kilikuwa lugha ya kuwaombea watoto wenye homa, nami nilijivunia jambo hilo kama vile ni mimi niliyelifanya.

Aliyeendesha shauri siku ile alikuwa baba mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba yetu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kufokea ng’ombe.

“Kaka yako ameacha shamba, nyumba, watoto wanne na mwanamke,” alisema. “Vitu hivyo havilali nje. Ukikataa wewe, tutampa binamu yako wa mlimani. Unamjua.”

Nilimjua. Kila mtu alimjua, ndiyo maana watu walicheka. Hata asubuhi ile alikuwa amekwisha kulewa, naye alipunga mkono alipotajwa.

“Baba,” nilisema, “mimi nina ndoa ya pete. Tena ni msomaji.”

“Pete imevishwa kidole, haikuvishwa ukoo,” alijibu, na wazee wakapiga makofi. “Au maji ya Nile yamekulainisha? Huko Jinja wanaume huomba ruhusa kwa wake zao, sivyo?”

Wakacheka tena. Kicheko kile ndicho kilichoniangusha. Nilikuwa na hoja nzuri kichwani, zile nilizokuwa nikiwafundisha wengine Jumapili baada ya Jumapili, lakini hoja zile hazikuwahi kuchekwa na watu wa nyumbani kwetu. Nilitazama upande wa wanawake. Shemeji yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi. Aliinua macho mara moja akanitazama kwa muda mrefu kuliko desturi inavyoruhusu. Nikaona ombi katika macho yale. Nikajiambia: ananiomba nisimwachie mlevi.

Nikasema ndiyo. Wakanivika koti la marehemu, lililonibana kwapani, na vigelegele vikapigwa.

Moyoni nilikuwa nimejipangia kuwa mume wa jina. Ningelinda shamba, ningelipa karo, ningelala kwenye kibanda cha wageni. Mpango huo ulidumu miezi mitano.

Nilirudi Jinja siku ya Jumatatu. Mke wangu alikuwa uani kwenye nyumba zetu za kiwanda, amekaa kwenye kigoda anamenya matoke, maganda yakidondokea kwenye karai. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilizunguka sana: kwanza shamba, kisha watoto, kisha ulevi wa binamu. Yeye aliendelea kumenya.

“Umeshakubali,” aliniuliza, “au umekuja kuniuliza?”

“Nimeshakubali. Lakini nilitaka tuzungumze.”

“Basi tumeshazungumza. Hukuja na swali, Baba watoto. Umekuja na habari.”

Akaosha mikono, akayafunga matoke kwenye majani ya mgomba, akayabandika kwenye sigiri ya makaa. Hakulia mbele yangu, wala hakurudi kwao, ingawa ndugu zake walikuja mara mbili kumchukua. Katika maisha yetu yote baada ya siku ile hakumtukana mke mwenzake hata mara moja. Alipokuwa akinipangia mzigo wa kupeleka Nakaloke, aliweka sabuni na chumvi za watoto wa marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Wakati mwingine nilitamani angenipiga na mwiko.

Kasisi hakuambiwa. Miezi miwili nilitandika kitambaa cheupe mezani kama kawaida, nikapanga vikombe, nikasimama kando yake nikiwa na kanzu yangu, nikapokea mkate. Mke wangu naye alipiga magoti kwenye reli, bega lake likigusa langu, kama tulivyofanya tangu siku ya ndoa yetu. Ile ndiyo ilikuwa desturi yetu. Watu wengine walijipanga wanaume huku na wanawake kule. Sisi tulikwenda pamoja, na kanisa zima lilitutania kwa hilo. Miezi ile miwili bega lake lilikuwepo, lakini lilikuwa kama bega la mtu aliyekaa karibu nawe kwenye foleni ya hospitali.

Mwezi wa tatu kasisi aliteremka kwenye baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaniita nyuma ya kanisa.

“Bwana msomaji, nimesikia neno kutoka kwenu, upande wa Mbale. Nilitaka kulisikia kwako.”

Nikamwambia. Alikuwa mzee mwenye meno machache, na sikuwahi kumwona amekasirika. Hakukasirika hata siku ile. Alifuta vumbi kwenye kiti cha baiskeli.

“Ulipotaka kukubali, ulimwuliza nani?”

“Nilifikiria ukoo, padri.”

“Ukoo ulikuwepo, uliuona. Nakuuliza ambaye hukumwona.”

Akaniambia kanuni ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwasomea wengine: mwenye wake wawili atakuja ibadani, atasali, ataimba, atazika na kuzikwa, lakini Mezani hatafika mpaka jambo lake litengenezwe. Na huyo mke wa pili vivyo hivyo. Mke wa pete anabaki na nafasi yake. Akaomba kanzu. Mke wangu aliifua, akaipiga pasi ya mkaa, akaikunja kwenye gazeti, akaipeleka yeye.

Tangu hapo nikawa mtu wa benchi la nyuma. Tulikuwa wanaume wanne pale, kila mmoja na mzigo wake wa ndoa, na mmoja wetu, mlinzi wa lango la kiwanda, aliliita benchi hilo stendi.

“Karibu stendi, afande msomaji,” aliniambia Jumapili ya kwanza, akinisogezea nafasi. “Hapa tunangoja gari ambalo halijai.”

“Linaondoka lini?”

“Mmoja akifa, mwingine anapata nafasi ya dirishani.”

Tulicheka kwa mikono mdomoni. Lakini wakati watu walipoanza kusogea mbele wenzangu watatu walitazama viatu vyao. Mimi nilitazama mgongo wa mke wangu. Alikwenda peke yake, akapiga magoti upande wake uleule wa kushoto, akaacha kulia kwake nafasi ya mtu mmoja. Watu walidhani anaepuka kubanana tu. Mimi nilijua ile nafasi ni ya nani.

Nilikuwa na rafiki Mwislamu, Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudan. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja la zamani la Wahindi katikati ya mji wa Jinja, nami nilimtengenezea cherehani zake. Kiswahili changu kizuri nilikipata kwake. Aliposikia habari zangu aliacha kushona, akavua miwani.

“Hebu nielewe, bwana. Mimi dini yangu imeniruhusu wanne, na nina mmoja. Wewe dini yako imekuruhusu mmoja, una wawili. Sasa hapa nani Mwislamu?”

“Ni mambo ya ukoo, ndugu yangu.”

“Ukoo! Mimi adhana ikilia nafunga cherehani, hata kama Waziri amesimama hapa na suruali yake imepasuka. Ajishikie matako mpaka nirudi. Wewe wa kwako akikuita, unamwambia angoje kwanza nimalize na wajomba?”

Alinicheka mpaka wateja wakageuka. Nilikasirika, nikakaa wiki tatu bila kwenda kwake. Sasa ninajua kwamba katika mwaka ule wote, hakuna mahubiri niliyosikia yaliyokuwa ya kweli kuliko yale.

Watu wanadhani mtu aliyefanya kosa kama langu huishi akiugua kila siku. Si kweli. Nilikuwa na miaka mizuri. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda Nakaloke, nikaitwa kuamua mipaka ya mashamba, nikapewa kiti cha mbele kwenye harusi. Baba mdogo aliniita “dume letu.” Niliifurahia heshima ile, lazima niseme. Shemeji yangu alinipikia vizuri, akaniosha miguu, akanijibu kila nilipouliza, na hakuniuliza kitu. Hatukupata mtoto. Miaka kumi ya mwisho sikulala tena nyumba ile. Nilikwenda kama mgeni, nikanywa chai barazani, nikarudi.

Mtu ataniuliza: kama ilikuwa hivyo, kwa nini hukutengeneza jambo lako mapema? Swali hilo nimejiuliza sana. Jibu lake si zuri. Kutengeneza kulitaka nisimame mbele ya ukoo niseme nilikosea, kisha nisimame mbele ya kanisa niseme vilevile. Mimi nilikuwa nimezoea kuwasimamisha wengine. Nilikuwa tayari kumpa Mungu sadaka, uimbaji, kufagia kanisa, kuchimba choo cha kanisa. Nilichimba, kweli, futi kumi na tano. Kitu kimoja tu alichokuwa akikitaka ndicho nilichokuwa nikikizungukia. Niliiweka imani yangu nafasi ya pili nikidhani itakaa hapo. Haikukaa. Ukishaiteremsha mara moja inaendelea kuteremka yenyewe: ikawa chini ya ukoo, kisha chini ya jina langu, kisha chini ya usingizi wa Jumapili asubuhi. Na furaha iliondoka nayo taratibu, kama mafuta ya taa kwenye taa yenye tundu dogo. Sikuiona ikiondoka. Niliona tu kwamba sasa nilikuwa nikiimba bila kusikia ninachoimba.

Kiwanda kilipunguza watu, nasi tukahama Jinja. Tulikodi vyumba viwili Namakwekwe, hapa Mbale, mimi nikawa natengeneza cherehani za mafundi wa mtaani. Tulipata kanisa, na katika kanisa hilo nalo nilipata benchi la nyuma. Mke wangu akaanza kuumwa magoti. Kwanza lilikuwa moja, kisha yote mawili, yamevimba kama viazi. Reli ya Meza katika kanisa letu jipya iko juu ya ngazi mbili za saruji, na kila mwezi alizipanda ameshikwa na mtu: leo mama wa kwaya, mwezi ujao binti asiyemjua.

Jumapili moja aliyekuwa amemshika alimwachia mapema. Nilimwona akiyumba kwenye ngazi ya kwanza. Nilisimama, nikaanza kutembea kwa haraka kwenye njia ya katikati. Nilifika nusu ya kanisa. Hapo nikakumbuka mimi ni nani, nikasimama. Watu waligeuka kunitazama. Mke wangu akaanguka kwa mkono na goti moja. Mama mmoja akamnyanyua, mke wangu akapanda, akapokea, akashushwa. Mimi bado nilikuwa nimesimama palepale katikati, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Nyumbani nilimkanda goti kwa maji ya moto na chumvi. Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

“Kwa nini ulisimama katikati?” aliniuliza.

“Sina ruhusa ya kwenda kule.”

“Ulikatazwa mkate. Nani alikukataza mkono wangu?”

Nikaendelea kukanda.

“Nimekuwekea nafasi miaka mingi, Baba watoto. Pale kulia kwangu. Nilikuwa najiambia atakuja. Sasa hata mimi kufika pale ni vita.” Akafumbua macho. “Nimechoka kushikwa na watu.”

Mwanamke huyu hajawahi kusema zaidi ya inavyotakiwa. Nilimwaga yale maji, nikakaa kizingitini mpaka jua likazama, na kwa mara ya kwanza tangu matanga yale nilimwomba Mungu bila kumpangia masharti. Nilimwambia: wewe kwanza, na wakicheka, wacheke.

Jumanne nilichukua bodaboda mpaka Nakaloke. Shemeji yangu alikuwa akianika karanga kwenye turubai mbele ya nyumba. Naye alikuwa amezeeka. Nilishangaa kuona hivyo, kana kwamba sikuwa nimemtazama kwa miaka mingi. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nikayasema yote: kwamba nilimkosea, kwamba nataka kumwachia uhuru wake mbele ya Mungu na watu, kwamba nyumba na shamba ni vyake na wanawe, kwamba anisamehe kama anaweza.

Aliendelea kusambaza karanga kwa kiganja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

“Shemeji,” alisema, na hilo lilinigusa, kwa sababu alikuwa hajaniita hivyo tangu siku ile. “Shemeji, umechelewa wewe! Unakumbuka nilivyokutazama siku ya matanga?”

“Nakumbuka. Ulikuwa unaniomba nisikuache kwa yule mlevi.”

“Nani alikuambia?”

“Niliona.”

“Uliona nini! Nilikuwa nakuomba ukatae.” Aliacha karanga, akakaa vizuri. “Nilimjua Mungu kabla sijaolewa huku. Nilijiambia, huyu ni msomaji, huyu anavaa kanzu, huyu atasema hapana, na akisema yeye hapana, nami nitapata pa kuegemea niseme hapana. Yule mlevi ningemfukuza na mchi. Hata wao walijua. Lakini wewe ukasema ndiyo. Mwanamke angesemaje hapana mbele ya msomaji aliyesema ndiyo?”

Sikuweza kumtazama.

“Mimi pia nilikuwa na nafasi yangu Mezani,” akasema, polepole sasa. “Hukuwahi kuniuliza.”

Ni kweli. Katika miaka yote ile nilijihurumia kwenye benchi langu la nyuma, na haikunijia hata siku moja kwamba kule Nakaloke kuna benchi jingine, na kwamba aliyekaa pale nilimweka mimi. Niliteremka kwenye kigoda, nikapiga magoti kwenye vumbi pembeni ya turubai. Aliona aibu kwa ajili yangu.

“Simama, mzee, watu wanapita. Nimekusamehe zamani, ningekulaje chumvi yako bure? Lakini ukaseme. Ukoo usikie, na kanisa langu lisikie. Usinisemee uani.”

Nilikwenda kusema. Baba mdogo alikuwa bado hai, kipofu, sauti ileile. Wanaume wa ukoo walikaa kumi na wawili, na wana wa marehemu, ambao sasa wana ndevu, wakakaa karibu na mama yao. Nilisema kwamba nilifanya kosa kwa kuogopa kuchekwa, kwamba huyu ni shemeji yangu na si mke wangu, na kwamba mali ya kaka yangu ni ya watoto wake.

“Ana miaka sabini na moja,” baba mdogo alitangaza, “ndipo anaacha mke! Semeni tu nguvu zimekwisha!”

Walicheka. Walicheka zaidi kuliko siku ya matanga. Nami nilisimama pale nikingoja kile kicheko kinifanyie kama kilivyonifanyia zamani, na hakikufanya kitu. Kilipita kama upepo unavyopita kwenye nguo zilizoanikwa. Nilijikuta ninacheka pamoja nao. Kijana mkubwa wa marehemu akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Asante, baba.” Basi. Kitu nilichokiogopa kwa miaka ishirini na saba kilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kanisani kwake nilisema wiki iliyofuata. Shemeji alifika Mezani mwezi uleule, akiwa amevaa gauni jipya la gomesi, la bluu, na wanawake wa Nakaloke wakaimba mpaka kasisi akawaomba wapunguze.

Kwetu Namakwekwe kasisi ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Nilipomaliza kukiri mbele ya watu alisema tu, “Mzee, karibu.” Lilinitosha. Nilitembea njia ile ya katikati mpaka mwisho. Mke wangu alikuwa akinisubiri chini ya ngazi, amekataa mikono ya watu wote. Nikamshika. Alikuwa mzito, na mimi si kijana, tukapanda kwa kelele na kuhema kama watu wanaopandisha kabati. Mtu wa kwaya akacheka. Mke wangu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la tatu, “Shika vizuri, au bado unangoja ruhusa?”

Nilipokea mkate. Sitaki kukitia chumvi kilichotokea: hakukuwa na mwanga, wala sauti. Ila nilipomeza, kifua changu kililegea, kama mtambo unapozimwa na ndipo unatambua kwamba ulikuwa ukipiga kelele siku nzima. Nililia kidogo. Kisha nikasikia wimbo. Niliusikia kweli, maneno yake yote.

Rafiki yangu wa Jinja alipata habari, akanipigia simu. Siku hizi haoni uzi, wajukuu zake ndio wanaoshona.

“Kwa hiyo una mmoja.”

“Nina mmoja.”

“Alhamdulillahi. Sasa naweza kukuita Mkristo bila kusitasita.” Akakohoa, akacheka. “Umechukua muda mrefu kufunga cherehani, bwana.”

Furaha niliyo nayo sasa si kubwa ya kutangazwa. Inaamka nami asubuhi. Nakaa barazani na bisibisi zangu na cherehani ya mtu, bodaboda zinapita, na sioni tena mtu wa kumkwepa, si ukoo, si kasisi, si mke wangu, si Mungu. Vijana wa kanisani huja kuniuliza juu ya mambo ya wazee wao, ukoo unataka hivi, wajomba wanataka vile. Ninawaambia wawaheshimu wazee, wabebe maji yao, wawazike vizuri. Lakini lile swali moja kasisi aliloniuliza nyuma ya kanisa, ulimwuliza nani, wawe wamelijibu kabla hawajakaa kwenye kiti. Nisingewaambia hivyo kama ningekuwa nimelijibu mimi.

Nimesamehewa, na sina shaka juu ya hilo. Kusamehewa hakukurudisha kila kitu. Mke wangu sasa anapokea akiwa ameketi. Kasisi ameweka kiti kwenye reli, upande wa kushoto. Daktari amesema magoti yale hayatakunjika tena mpaka chini. Mimi napiga magoti kulia kwake, na bega langu linafika kwenye kiwiko chake. Nilisema ndiyo nilipopaswa kusema hapana, na gharama yake ni hii: mke wangu alipiga magoti peke yake kwa miaka ishirini na saba, shemeji yangu asiye na kosa alizuiwa Meza kwa miaka hiyohiyo, na niliporudi mimi, magoti ya mke wangu yalikuwa yamekwisha. Hatutapiga magoti pamoja tena katika dunia hii.